Taja Hali Kwanza, Picha Zitafuata

Kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, na kutoka Kahama kuelekea Katoro na Geita, vijana wenye simu janja ni wengi, na miongoni mwao wapo wanaotamani kuacha kuwa wachezaji tu wa michezo ya simu na kuwa watengenezaji wake. Wakianza, wengi hukimbilia picha: mhusika anayerusha mateke, gari linalong'aa, mlipuko wenye moto na moshi. Hoja yangu leo ni kwamba anayeanza hivyo ameanzia mwisho. Mchezo wa kompyuta unasimama juu ya mambo mawili ambayo mchezaji hayaoni kwenye kioo. La kwanza ni hali ambazo mchezo unaweza kuwa nazo, pamoja na sheria za kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Watengenezaji huita mpango huo mashine ya hali. La pili ni fankisheni saidizi, yaani vipande vidogo vya msimbo vinavyofanya kazi moja moja, vikaitwa kila vinapohitajika, na visikosee. Naongeza kwamba kijana wa ukanda huu ana mchezo wa kujifunzia mambo yote mawili, mchezo ambao hahitaji kuubuni kwa sababu sheria zake zimekwisha kupimwa na vizazi. Mchezo huo ni bao, ambalo Wasukuma huliita isolo.

Tutazame kwanza jinsi mwanafunzi anavyoandika mchezo wake wa mwanzo. Ana mhusika anayetembea, kuruka, kuinama, kuumia na kufa. Kwa kila jambo anaweka alama ya ndiyo au hapana. Anaruka: ndiyo. Ameinama: hapana. Ameumia: ndiyo. Kazi inaonekana nyepesi mpaka tunapopiga hesabu. Alama tano za namna hiyo zinaleta mipangilio 32. Alama kumi zinaleta 1,024. Na sehemu kubwa ya mipangilio hiyo haina maana yoyote. Kuna mhusika aliyekufa na wakati huohuo anaruka. Kuna aliyeinama ilhali yuko hewani. Binadamu anajua kwamba hayo hayawezekani, lakini kompyuta haijui, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Mchezaji akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, programu inaingia katika mojawapo ya mipangilio hiyo, na maiti inaanza kukimbia. Mwanafunzi anaongeza sharti la kuzuia kosa hilo, kisha sharti jingine la kuzuia kosa lililoletwa na sharti la kwanza, na baada ya muda mfupi yeye mwenyewe hawezi tena kusoma alichoandika. Wengi huiacha kazi hapo, wakidhani hawana kipaji, kumbe kilichokosekana ni mpangilio.

Mashine ya hali inaliondoa tatizo hilo kwenye mzizi. Mhusika huwa katika hali moja tu kwa wakati mmoja: amesimama, au anaruka, au amekufa. Kila hali imeandikiwa matukio inayoyasikiliza na hali inayofuata kwa kila tukio. Tukio lisiloandikwa halina athari. Aliyekufa hashtuki kitufe cha kuruka kikibonyezwa, kwa kuwa hakuna mshale uliochorwa kutoka kufa kwenda kuruka; huhitaji sharti la ziada la kumzuia. Fikra hii haikuzaliwa kwenye michezo. George Mealy aliieleza mwaka 1955 na Edward Moore mwaka 1956, wote wakiwa watu wa maabara za Bell nchini Marekani, walipokuwa wakishughulikia saketi za umeme. Na kila anayenisikiliza amekwisha kuitumia bila kuitaja jina. Piga *150*00# ya M-Pesa: menyu inakuuliza unataka nini, kisha inasubiri namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Katika kila hatua simu inakubali jibu la aina fulani tu, na hakuna njia ya kutoka menyu ya kwanza hadi fedha kuondoka bila kupita kwenye namba ya siri. Aliyeandika huduma ile hakutegemea kwamba mteja atakuwa makini. Alipanga hali zake hivi kwamba njia ya mkato haipo.

Kwenye michezo, mfano ulio maarufu kuliko yote ni Pac-Man, uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980 chini ya mbunifu Toru Iwatani. Vizuka vinne vya mchezo huo huonekana vina akili nyingi, lakini ukivifungua ndani unakuta hali chache. Katika hatua ya kwanza ya mchezo, vizuka hutawanyika kwenye pembe zao kwa sekunde 7, kisha humfukuza mchezaji kwa sekunde 20, kisha hutawanyika tena. Mchezaji akila kidonge kikubwa, vinaingia katika hali ya woga. Kizuka kimoja kikiliwa, yanabaki macho yanayorudi nyumbani. Kinachovitofautisha ni shabaha tu: kila kizuka kina namna yake ya kuchagua mahali pa kwenda kinapofukuza. Hali chache, fankisheni moja fupi kwa kila kizuka, na watu wameucheza mchezo huo kwa zaidi ya miaka 40. Hata ule mchezo wa nyoka uliokuja na Nokia 6110 mwaka 1997, kazi ya Taneli Armanto wa Finland, una somo hilohilo. Nyoka ana hali nne za mwelekeo, na hawezi kugeuka papo hapo akarudi alikotoka. Ila anayeuandika upya mara nyingi hunaswa na kosa moja: nyoka akienda kulia, mchezaji akabonyeza juu na kushoto haraka kabla nyoka hajasogea hata hatua moja, programu inalinganisha kushoto na juu, inaona ni halali, na nyoka anajing'ata shingo. Dawa yake ni kulinganisha na mwelekeo wa hatua ya mwisho aliyokwisha kuipiga kweli, sio wa kitufe cha mwisho. Kosa la namna hiyo hulioni kwenye picha nzuri. Unaliona kwenye mchoro wa hali.

Sasa twende kwenye bao lenyewe. Nitatumia sheria za bao la Kiswahili kama zinavyochezwa Zanzibar na pwani, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwa kina zaidi, hasa na mtafiti Alex de Voogt aliyechapisha kitabu mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa mchezo huo. Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Mwanzoni kila mmoja anaweka kete sita kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kando yake, na 22 zinabaki mkononi. Hapo tayari tunakutana na hali mbili kubwa. Ya kwanza ni namua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi. Ya pili ni mtaji: mikono ikiwa mitupu, unacheza na kete zilizo ubaoni peke yake, na shimo lenye kete moja haliruhusiwi kuanzisha zamu. Baadhi ya sheria zinazotumika katika hatua moja hazitumiki katika nyingine. Mwandishi wa programu asiyezitenganisha atajikuta kila mstari wa msimbo wake unauliza kama mkononi bado kuna kete.

Ndani ya hatua hizo kuna hali ndogo zaidi, na hapa ndipo bao linapompita mwalimu yeyote wa darasani. Zamu inaanza kwa mchezaji kuchagua shimo. Ukiweza kula, ni lazima ule. Usipoweza, unatakata, na zamu iliyoanza kwa kutakata haili chochote hadi iishe. Tazama jinsi hilo lilivyo muhimu: kete ya mwisho inaweza kuangukia mahali palepale, penye idadi ileile ya kete mbele yake, na mara moja ikawa ni kula, mara nyingine ikawa ni kuendelea tu, kutegemea zamu ilianzaje. Ubao peke yake hautoshi kutoa jibu. Lazima programu ikumbuke iko katika hali gani. Ukila, kete ulizozikamata unazigawa kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele, na kama umekula kwenye moja ya mashimo mawili ya kila mwisho wa safu hiyo, yaitwayo kimbi, huna uhuru wa kuchagua upande. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete na mbele yake hakuna cha kula, unazoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu inakwenda kwa mwenzako. Halafu kuna nyumba. Katika namua, kwenye zamu iliyoanza kwa kula, kete ya mwisho ikitua kwenye nyumba ambayo bado iko hai na mbele yake hakuna cha kula, mchezo unasimama katikati ya zamu na kumsubiri mchezaji aamue kama anasafiri, yaani anazigawa kete za nyumba, au anapumzika. Mwanafunzi aliyeandika ugawaji wa kete kama kitanzi kimoja kirefu kisichokatika atashangaa hapo, kwa kuwa kitanzi hakijui kusubiri kidole cha mtu. Mwenye mashine ya hali anaongeza hali moja inayoitwa kusubiri uamuzi wa nyumba, anachora mishale miwili inayotoka humo, kazi imekwisha. Mpango huu wa hali ndani ya hali uliwekewa michoro rasmi na mwanasayansi David Harel mwaka 1987. Wacheza bao walikuwa wakiuishi zamani.

Fankisheni saidizi nazo zinajitokeza zenyewe. Mashimo ya mchezaji mmoja ni 16 yaliyo katika duara. Tuyape namba 0 hadi 15, safu ya mbele 0 hadi 7. Fankisheni ya kwanza inajibu swali moja: shimo linalofuata ni lipi? Ukienda mbele unajumlisha moja, ukirudi unatoa moja, kisha unachukua baki la kugawanya kwa 16. Jambo dogo, lakini lina mtego uliowasumbua wengi. Katika lugha za C, Java na JavaScript, baki la -1 ukigawanya kwa 16 ni -1. Katika Python ni 15. Kwa hiyo programu ileile inayokwenda vizuri katika Python inatafuta shimo namba -1, ambalo halipo, ikihamishiwa Java. Anayeandika hesabu hiyo mahali 20 kwenye msimbo wake atalazimika kusahihisha mahali 20. Aliyeiweka ndani ya fankisheni moja anajumlisha 16 kabla ya kugawanya, mara moja tu, na kosa linakwisha kila mahali. Fankisheni ya pili inatafuta shimo la mkabala: kila mchezaji akihesabu safu ya mbele kutoka kushoto kwake, shimo lako namba 2 linatazamana na la mwenzako namba 5, yaani saba ukitoa namba yako. Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: inajumlisha kete zote za ubaoni na za mikononi, na jibu lisipokuwa 64, inasimamisha programu papo hapo na kusema kosa limetokea. Mistari mitatu minne ya msimbo, inayolinda mchezo mzima kila zamu.

Katika michezo yenye mwendo wa haraka zipo fankisheni saidizi nyingine zenye uzito huohuo. Moja ni ya kubana namba kati ya kiwango cha chini na cha juu, ili uhai wa mhusika usishuke chini ya sifuri wala usipite 100. Nyingine ni ya muda, na hii inawahusu sana watu wa huku wanaotumia simu za bei tofauti. Ukisema gari lisogee nukta 5 kwa kila picha inayochorwa, kwenye simu inayochora picha 60 kwa sekunde litasogea nukta 300, na kwenye simu dhaifu inayochora 30 litasogea 150. Mchezo mmoja unakuwa michezo miwili: mwenye simu ya bei nafuu anacheza polepole. Fankisheni inayozidisha mwendo kwa muda halisi uliopita inaleta usawa. Ni suala la haki kwa mchezaji, na linatatuliwa kwa kuzidisha mara moja tu.

Bao lina fundisho jingine zito zaidi, la mpaka wa kinachohesabika. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, waliandika kuhusu jinsi ya kuliweka bao kwenye kompyuta. Mwaka huohuo John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit ya Amsterdam walitangaza kwamba wamemaliza kabisa mchezo wa Awari, ambao ni ndugu wa bao kutoka Afrika Magharibi, wenye mashimo 12 na kete 48: walikokotoa mipangilio yake yote 889,063,398,406, na wakaonyesha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Bao lina mashimo 32, na kete zinaingia taratibu, na zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara nyingi. Mwaka 2006, katika jarida la ICGA linalohusu michezo ya kompyuta, watafiti walichapisha makala kuhusu zamu za bao zisizokuwa na mwisho: kete zinagawiwa, zinazolewa, zinagawiwa tena, na hazilali kamwe. Ukiwa na mashine ya hali unaelewa kwa nini, na unaelewa tiba. Zamu isiyosubiri uamuzi wa mtu inaendeshwa na sheria pekee. Kwa hiyo ubao ukirudi katika mpangilio uleule, shimo lilelile na mwelekeo uleule, yaliyofuata mwanzo yatafuata tena, milele. Programu inatakiwa kukumbuka mipangilio iliyopita ndani ya zamu moja na kusimama ikiona mmoja umejirudia. Asiyejua hili, simu ya mchezaji wake itaganda siku moja na yeye hatapata chanzo.

Sasa, isolo ya Usukumani haifuati sheria za pwani neno kwa neno, na wachezaji wa sehemu moja wanaweza kubishana na wa sehemu nyingine kuhusu namna ya kuanza au kula. Wapo watakaoona hilo ni kikwazo. Mimi naliona ndilo zoezi lenyewe. Fankisheni ya kutafuta shimo linalofuata, ya mkabala, ya kuhesabu kete 64, hazibadiliki uende Unguja au Shinyanga. Kinachobadilika ni mishale: kutoka hali ipi, kwa sharti lipi, kwenda hali ipi. Aliyetenganisha vitu hivyo viwili anaweza kuwa na mchezo mmoja wenye sheria za mahali mbalimbali, mchezaji akachagua anachokijua. Na kuna faida kubwa zaidi. Mchoro wa hali, wenye duara na mishale na maneno kama kula, kulala, kuendelea, unasomeka na mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Anaweza kuweka kidole na kusema, hapa umekosea, ukila upande huu hugeuki. Hawezi kusema hivyo akionyeshwa mistari 800 ya msimbo. Mjuzi wa mchezo na mwandishi wa programu wanakutana kwenye karatasi moja, na hiyo karatasi pia inabaki kuwa kumbukumbu ya sheria za mahali pale, jambo ambalo isolo inalihitaji sana.

Najua yapo mapingamizi, na la kwanza nalichukua kwa uzito. Mzazi wa Kahama au Geita akisikia mashine na mchezo katika sentensi moja, anaweza kufikiria mashine za kubahatisha ambazo vijana huziita dubwi, zinazomeza sarafu za mtu aliyetoka kwenye shimo la kuchimbia dhahabu au shambani. Hofu hiyo ina msingi. Biashara ile ina sheria yake, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ina bodi inayoisimamia, na hata hivyo mzazi ana haki ya kuhangaika. Tena mashine ile kwa ndani nayo ni mashine ya hali: inasubiri sarafu, inazungusha, inalipa au hailipi. Tofauti iko kwenye mshale wa mwisho, unaochaguliwa kwa bahati ambayo mchezaji hawezi kuibadili kwa ujuzi wowote, na iliyopangwa ili mwenye mashine apate faida kwa muda mrefu. Kwenye bao hakuna bahati. Kila kete iko wazi machoni pa wote wawili. Kijana aliyechora mashine zote mbili kwa mkono wake, akaona mshale ule uko wapi, ameelimika kuhusu kamari kuliko aliyekatazwa tu.

Pingamizi la pili linatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema, mbona programu za kutengenezea michezo kama Unity na Godot zina vifaa vya mashine ya hali tayari, na akili mnemba sasa inaandika msimbo kwa kuombwa? Ni kweli. Lakini vifaa vile vinakupa duara na mishale. Havikuambii duara zako ni zipi. Na akili mnemba ukiiomba mchezo wa isolo bila kuipa sheria, itakuandikia kitu kinachofanana na bao na kinachokwenda bila kugoma, chenye sheria zilizookotwa mahali pengine, na wewe usiye na mchoro wako hutajua tofauti. Kadiri msimbo unavyopatikana kwa urahisi, ndivyo kazi inavyobaki kwa anayejua kueleza kwa ukamilifu anachokitaka na kukagua alicholetewa. Fankisheni ya kete 64 inaukagua msimbo wa mtu na wa mashine kwa kipimo kilekile.

La tatu ni la kitaalamu na sehemu yake naikubali. Hali zikiwa nyingi, mishale huzidi na mchoro hausomeki. Ndiyo maana watengenezaji wa mchezo wa Halo 2 mwaka 2004 walitumia mpangilio wa matawi ya tabia kwa maadui wao. Ila mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa F.E.A.R., uliosifiwa kwa maadui wenye akili, na Jeff Orkin aliyeitengeneza akili hiyo akaeleza kwamba mashine yao ya hali ilikuwa na hali tatu tu, huku upangaji wa nini kifanyike ukiwekwa sehemu nyingine. Kwa hiyo jibu la mchoro uliojaa ni kujua kipi kiwe hali na kipi kitoke nje yake. Kurudi kwenye alama kumi za ndiyo na hapana ni kurudi kwenye ile 1,024.

Na je, haya yana kazi gani katika nchi ya dhahabu? Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na kuzunguka migodi hiyo kuna wachimbaji wadogo wengi. Kazi yao yote ina hali na mishale iliyokatazwa. Baruti ikishalipuka, haiendi moja kwa moja kwenye watu kuingia. Katikati kuna hali ya kusubiri moshi utoke na hewa ikaguliwe, na anayeiruka hali hiyo anaweza asitoke mzima. Kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, Haut-Uele, kaskazini mashariki mwa Kongo, mashine za kubeba mawe chini ya ardhi zinaendeshwa kwa kompyuta na watu walioketi juu. Programu za namna hiyo zinahitaji watu waliozoea kuuliza: sasa tuko katika hali gani, nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi, na tukipoteza mawasiliano katikati tunakwenda hali gani? Utaniambia kwamba mchezo na mgodi havifanani, kosa la mchezo haliui. Ndiyo sababu hasa ya kujifunzia kwenye mchezo. Ni afadhali kijana akosee mshale wa nyumba mara nyingi, kete zikapungua ikabaki 63, programu ikasimama na kumwambia, kuliko akutane na swali hilo kwa mara ya kwanza mahali penye winchi na watu.

Kwa walimu wa kompyuta wa Shinyanga, Kahama na Geita, ombi langu ni hili: muhula huu toeni zoezi la isolo, na wiki za mwanzo lifanyike kwa karatasi na kalamu, jambo linalowezekana hata shule isipokuwa na kompyuta za kutosha. Mwanafunzi ataje hali zote, achore mishale yote, kisha aupeleke mchoro wake kijiweni kwa wanaolijua bao na awaombe wautafutie makosa. Wazee, mkiletewa karatasi hiyo msiipitishe kwa huruma. Mkatalieni mpaka iwe sahihi. Nanyi vijana, msifungue programu ya kuchorea picha hadi fankisheni yenu ya kuhesabu kete itoe 64 kila zamu, tangu kete ya kwanza hadi mchezo uishe.